Risasi, Shaba na Bati: Majina ya Metali Katika Urejelezaji wa Vyuma Chakavu na Vifaa vya Kielektroniki

Utangulizi

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii hufunzwa shuleni kama kielelezo cha mtoto kurithi kazi au tabia za mzazi, na mara nyingi somo huishia hapo. Ni wanafunzi wachache wanaoulizwa kusana ni kufanya nini, au kinachovukutwa ni kitu gani. Kusana ni kufua chuma kikiwa moto. Kuvukuta ni kupuliza kwa mivukuto ili makaa yapate joto la kukilainisha chuma hicho. Ukiongeza kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu. Fuawe, kile kipande kizito ambacho chuma hufuliwa juu yake. Na mavi ya chuma, uchafu unaojitenga metali inapoyeyuka, utaona kwamba kazi ya metali ilikuwa na msamiati wake kamili katika Kiswahili kabla ya kiwanda chochote cha kisasa kujengwa katika pwani hii.

Kazi hiyo haijakoma. Kilichobadilika ni malighafi. Fundi wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi hangojei chuma kutoka machimboni. Hukata mapipa ya mafuta, hunyoosha mabati yaliyotumika, na kutokana nayo huunda masanduku, makarai na majiko. Tangu simu za mkononi na kompyuta zienee nchini, biashara nyingine imechipuka kando ya hiyo ya kale: ya kubomoa vifaa vya kielektroniki vilivyokufa ili kutoa kilicho na thamani ndani yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki katika mwaka wa 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Barani Afrika kiwango hicho hakikufika hata asilimia moja. Sehemu kubwa ya kazi, basi, imo mikononi mwa watu wasiovaa glavu wala kusoma miongozo.

Makala haya yanachunguza majina ya metali ambayo watu hao na wateja wao huyatumia. Hoja inayoongoza uchunguzi ni kwamba majina mengi ya aina hii yana maana zaidi ya moja, na kwamba kile ambacho darasani huitwa polisemia na kupewa alama mbili katika mtihani kinaweza, mahali pa kuyeyushia betri, kuamua iwapo mtu atajikinga au hatajikinga. Neno risasi litapewa nafasi kubwa kuliko mengine yote. Sababu zake zitaonekana.

Chuma na uchakavu wake

Neno chuma ni la asili ya Kibantu; Luganda nayo husema ekyuma. Katika Kiswahili hutaja metali moja mahususi, ile ambayo wanakemia huipa alama ya Fe, na papo hapo hutaja metali yoyote ngumu bila kujali aina yake. Maana hii pana ndiyo iliyo katika fungu la maneno vyuma chakavu. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 inayosimamia biashara hii huitwa kwa Kiswahili Sheria ya Vyuma Chakavu, ingawa inahusu pia shaba na alumini, ambazo kwa mwanakemia si chuma hata kidogo.

Wafanyabiashara hawana anasa ya kuchanganya hivyo. Kifaa chao cha kwanza cha uchambuzi ni sumaku. Kinachonaswa ni chuma au feleji ya kawaida. Kisichonaswa ni alumini, shaba, risasi au zinki, na karibu kila mojawapo ya hizo ina bei ya juu kuliko chuma. Mtu anayepeleka gunia lake lote kwa jina la "vyuma" bila kulichambua hulipwa kwa bei ya kilicho duni zaidi ndani yake. Uchambuzi wa kileksika una faida ya shilingi hapa, jambo ambalo wanaisimu hawalizoei.

Kimofolojia, kivumishi chakavu kimeundwa kutokana na kitenzi chakaa kwa kiambishi -vu, kama ilivyo katika tulia na tulivu, legea na legevu. Kinaeleza hali ambayo kitu kimefikia baada ya kutumika. Waandishi wengi wa Kenya huandika pia vyuma vikuukuu, ambapo -kuu imerudiwa na kupoteza heshima yake: kikuu ni kitu chenye hadhi, kikuukuu ni cha kutupwa. Mitaani lakini hutasikia sana lolote kati ya hayo mawili. Utasikia skrapu. Na anayeikusanya, hasa akiwa kijana aliyebeba gunia, huitwa chokoraa, jina linalotokana na kitenzi chokora, yaani kudukua kwa kijiti au kidole ili kutoa kilichokwama. Jina lilianza kama maelezo ya kazi, likaishia kuwa tusi.

Uhalifu nao umeitia doa biashara hii. Mnamo Januari 2022, baada ya milingoti ya kusafirishia umeme kuharibiwa na sehemu kubwa ya nchi kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku hayo yaliondolewa baada ya miezi michache. Katika muda huo, wenye kukusanya mikebe na vyuma vya baiskeli mbovu waliathirika sawa na wale waliokata milingoti, kwa kuwa jina lilikuwa moja.

Shaba

Shaba ni neno lililotoka katika Kiarabu, na tatizo lake ni kwamba linafunika metali tatu. Hutaja ile nyekundu iliyo ndani ya nyaya za umeme. Hutaja ile ya manjano inayotengenezewa mifereji, vitasa na sinia za nakshi, ambayo ni mchanganyiko wa ile nyekundu na zinki. Na katika habari za michezo hutaja nishani ya mshindi wa tatu, ambayo ni mchanganyiko wenye bati. Msomaji wa gazeti hapati hasara yoyote kwa kutozitofautisha. Mnunuzi hawezi kuzinunua kwa bei moja. Ndiyo maana wauzaji wengi wamechukua kopa kutoka Kiingereza kwa ile nyekundu, licha ya kwamba Kiswahili kina njia ya kuitofautisha kwa kuongeza rangi: shaba nyekundu. Wasanifishaji wanaolalamikia ukopaji wa aina hii wangefaa kukumbuka kwamba mkopaji alikuwa na haja ya kweli. Ikumbukwe pia kwamba neno shaba liliwahi kuwa jina la mkoa mzima: Katanga, kule Kongo, uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997 kwa sababu ya utajiri wa machimbo yake, na hapakuwa na shaka yoyote ni metali ipi iliyokusudiwa.

Kuna njia mbili za kuitoa shaba ndani ya waya. Ya kwanza ni kumenya, kitenzi kilekile cha chungwa na muhogo: ganda la plastiki huchanwa kwa kisu na kuambuliwa. Ya pili ni kuchoma. Kumenya ni kwa polepole, ila shaba hutoka ikiwa inang'aa na huuzwa kwa daraja la juu. Kuchoma ni kwa haraka, lakini moto huitia shaba weusi na kuipunguzia bei, na ganda linapoungua hutoa moshi wenye dioksini, sumu zinazodumu miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya mwili wa binadamu. Lau kipimo kingekuwa bei kwa kilo peke yake, hakuna ambaye angechoma. Huchoma kwa sababu nyaya za simu na kompyuta ni nyembamba mno kwa kisu, na kwa sababu siku ina saa chache.

Bati, na habari ya sufuria

Kwa Mkenya wa kawaida, bati ni paa. Kwa mwanakemia, bati ni metali laini yenye kuyeyuka kwa nyuzi 232 za Selsiasi, ambayo kazi yake kubwa katika vifaa vya kielektroniki ni lehemu, ile gundi ya metali inayoshikilia vijenzi kwenye ubao. Mabati ya paa hayana bati hilo. Ni feleji iliyopakwa zinki ili isishikwe na kutu. Fundi anayechomelea mabati ya zamani huvuta mvuke wa zinki, na jioni hupatwa na homa, kutetemeka na maumivu ya viungo, akadhani ni malaria. Tiba ya kwanza ya maradhi hayo ni kuacha kuvuta mvuke. Dawa ya malaria haitamsaidia. Jina bati halimpi fununu yoyote ya zinki.

Mfano wa sufuria unasisimua zaidi. Neno hili limetokana na Kiarabu, katika shina linalotaja shaba ya manjano, kwa maana vyungu vya metali vilivyofika pwani vilikuwa vya shaba. Vyungu vikabadilika vikawa vya alumini, jina likabaki. Alumini hurejelezwa kwa urahisi: huyeyuka kwa nyuzi 660, na kuiyeyusha upya huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ambayo ingetumika kuitoa katika mawe yake. Kwa hivyo mafundi katika nchi nyingi za Afrika husubu sufuria kutokana na vipande vya injini, mikebe na fremu za madirisha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo nchini Kameruni uligundua kwamba baadhi yake zilikuwa zikitoa risasi ndani ya chakula, kwa kuwa malighafi haikuchambuliwa kabla ya kutiwa kalibuni. Mpishi anasema "sufuria" na kuona chombo. Hana namna ya kuona yote yaliyoyeyushwa pamoja.

Ndani ya simu

Kinachowavutia wengi katika taka za kielektroniki ni dhahabu. Hiyo ipo. Hupakwa kwenye ncha za viungio kwa kuwa haishikwi na kutu na hupitisha umeme vizuri. Jiwe la machimbo ya dhahabu huhesabiwa kuwa zuri likiwa na gramu chache tu kwa tani moja. Tani moja ya simu za mkononi zilizotolewa betri hukadiriwa kuwa na gramu 300 au zaidi. Ndiyo maana wataalamu huongea juu ya machimbo ya mjini. Japani ilionyesha jambo hilo hadharani: kati ya 2017 na 2019 ilikusanya takriban tani 79,000 za vifaa vidogo vya kielektroniki, zikiwemo simu milioni 6.2, na humo ikapata kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba kwa ajili ya nishani 5,000 hivi za Michezo ya Olimpiki na ya Walemavu ya Tokyo 2020.

Hesabu hiyo ina upande wake wa pili. Ukigawa kilo 32 kwa mamilioni ya simu, kila kifaa kinabakiwa na chembe isiyoonekana. Thamani iko katika wingi, na wingi unahitaji mitambo. Katika mitambo ya Hoboken nchini Ubelgiji na Rönnskär nchini Uswidi, bao za saketi husagwa na kutiwa katika tanuri pamoja na shaba. Shaba iliyoyeyuka huinywa dhahabu, fedha na paladi. Kisha husafishwa kwa umeme, shaba safi ikaenda upande mmoja na zile adimu zikatuama chini kama tope. Tope hilo ndilo hazina. Afisi za mazingira na vituo rasmi vya kukusanya taka hizi hutumia maneno kama urejelezaji na uchakataji kwa mchakato mzima, lakini kwa hatua hii ya mwisho Kiswahili kina kitenzi bora zaidi: kuopoa, ambacho ni kutoa kitu kilichozama. Mtu huopoa ndoo kisimani na nyama mchuzini. Kuiita kazi hii uopoaji wa metali kungemweleza msikilizaji kinachotendeka kuliko urejelezaji, ambalo shina lake, rejea, linaacha wazi ni nini kinachorudi na kinarudi wapi.

Asiye na tanuri hutumia tindikali. Humwagia viungio tindikali kali ili kuyeyusha kila kitu isipokuwa anachotafuta, au hutumia zebaki kuikamata dhahabu, mbinu iliyotoka kwa wachimbaji wadogo. Mwanafunzi wa Kenya hukutana na jina Zebaki mapema katika orodha ya sayari. Kwamba zebaki pia ni kimiminika chenye sumu, kinachopatikana ndani ya taa ndefu za mwanga mweupe ambazo watoto huzivunja kwa mchezo, hulijua kwa kuchelewa, kama atalijua.

Risasi

Tazama sentensi tatu zifuatazo.

(a) Daktari alimpata mtoto na risasi mwilini.
(b) Udongo wa mtaa huu una risasi.
(c) Fundi aliyeyusha risasi nyumbani kwake.

Msikilizaji wa Kenya akiisikia ya kwanza huona bunduki. Akiisikia ya pili huona mahali palipopiganwa. Ya tatu ndiyo pekee inayomfanya asite. Lakini zote tatu zinaweza kuwa sahihi bila bunduki yoyote kuhusika. Katika Kiarabu, ambako neno hili limetoka, maana ya kwanza ni metali, ile yenye alama ya Pb. Kitu kinachotoka mtutuni kiliitwa hivyo kwa kuwa kilisubiwa kwa metali hiyo. Katika Kiswahili tawi limekua likaufunika mti.

Sarufi haitoi msaada. Risasi ya bunduki na risasi ya betri zote ziko katika ngeli ya I-ZI, zote hazibadiliki umbo katika wingi, na zote huchukua upatanisho uleule. Anayesema risasi tatu bila shaka anahesabu vitu vya bunduki, kwa sababu metali haihesabiki. Ila risasi nyingi, kilo mbili za risasi na risasi hii hubaki na utata wake wote. Muktadha ndio unaoamua, na muktadha wa kila siku, katika redio na magazeti, ni wa polisi na majambazi. Fungu moja tu ambalo umma umelizoea kwa maana ya metali ni petroli isiyo na risasi, lililoenea wakati nchi za kusini mwa Sahara zilipoacha kutumia petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005. Hata hapo, madereva wengi walijifunza fungu hilo kama jina la bidhaa.

Utata huu ungekuwa mzaha mzuri kama metali yenyewe isingekuwa ilivyo. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, ilhali chuma huhitaji 1,538. Tofauti hiyo ina maana kwamba jiko la makaa na sufuria kuukuu vinatosha. Betri ya gari ni risasi kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Ina soko, inavunjika kwa nyundo, na haihitaji mtaji. Lakini vumbi na mvuke wake huingia mwilini na kukaa, hata katika mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima wa kiasi kilekile wanachokimeza. Huathiri ubongo unaokua, hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo yasiyo na sababu dhahiri. Hakuna dalili inayotamka jina lake.

Kenya inayo kesi yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwa betri zilizotumika kiliendesha kazi jirani na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Mmoja wa waliokuwa wameajiriwa hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi katika damu. Akaacha kazi, akawapeleka watoto wengine wa mtaa wapimwe, akaandamana, akakamatwa. Mnamo 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizingatia haki ya mazingira safi iliyo katika Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka wa 2023. Mahakama ya Juu iliirudisha mnamo Desemba 2024. Kwa hiyo kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi uamuzi huo wa mwisho ilipita miaka kumi, muda unaotosha kwa mtoto wa chekechea kufika shule ya upili.

Hukumu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo neno la metali na neno la kitu cha bunduki ni mawili tofauti. Kuzieleza mtaani kulihitaji Kiswahili. Anayefasiri maelezo ya namna hii hukabiliwa na uamuzi katika sentensi ya kwanza kabisa: ataiitaje metali hiyo? Katika maandishi ya kisayansi hukutwa ledi na plumbi. Ledi ina faida ya kufanana na neno la Kiingereza ambalo baadhi ya mafundi wamelisikia, lakini katika masikio ya Mkenya inakaribiana mno na jina la heshima la bibi wa Kizungu. Plumbi inalandana na alama ya Pb na ingewafaa wanafunzi wa kemia. Mtaani haina pa kusimama. Madini ya risasi ndiyo inayotumiwa na wanahabari waangalifu, nayo inaeleweka, ijapokuwa madini kwa wengi ni kitu kilicho ardhini bado. Metali ya risasi ni sahihi zaidi na haihitaji kufunzwa upya: inalibakiza neno ambalo watu wanalo na kuliongezea neno moja la kulielekeza. Kwa maradhi, sumu ya risasi inatosha. Chaguo hili halina uzuri wa istilahi mpya, na huenda ndiyo sababu halijapendwa na waundaji wa istilahi.

Maneno ya onyo

Betri nyingi za gari zina alama ya pipa la taka lililokatwa kwa mistari miwili, na chini yake herufi Pb. Alama hiyo ni onyo kamili kwa aliyesomea maana yake. Kwa asiyesoma kemia ni pambo. Tuseme mwanafunzi wa Kiswahili ameombwa aandike onyo la kubandikwa kwenye betri hiyohiyo. Jaribio la kwanza, hasa la aliyezoea lugha ya afisi, huwa la aina hii:

Uyeyushaji wa betri za aina hii na watu wasioidhinishwa hauruhusiwi.

Sentensi haina kosa la kisarufi. Ina kosa la kutomsemesha mtu. Kitenzi kimegeuzwa kuwa nomino, mtendaji amefichwa katika "watu wasioidhinishwa", na sumu haikutajwa popote. Msomaji anaambiwa kuna mwenye mamlaka asiyependezwa. Haambiwi kwamba mwanawe yumo hatarini. Linganisha na hili:

Betri hii ina metali ya risasi. Ni sumu. Usiivunje. Usiiyeyushe jikoni. Usimwage maji yake. Mtoto asiiguse. Irudishe dukani.

Kiambishi usi- kinamkabili msomaji moja kwa moja, na -i- ya mtendwa inarudisha tendo kwenye kitu alichokishika. Usiiyeyushe jikoni ni bora kuliko usiiyeyushe pekee, kwa kuwa jikoni ndipo inapoyeyushwa. Uchaguzi wa maji yake unahitaji kutetewa. Neno la kamusi ni tindikali, la shule ni asidi, na mafundi wa magari husema maji ya betri. Jina hili la tatu ndilo lenye hatari, kwa sababu linaita maji kitu kinachounguza ngozi na kilichobeba risasi ndani yake. Hata hivyo onyo lisilotumia jina la fundi halitamfikia fundi. Pengine suluhu ni kuandika yote mawili, maji ya betri ni tindikali, ikiwa nafasi itaruhusu.

Mtoto asiiguse imetumia nafsi ya tatu kwa makusudi. Anayesoma si mtoto. Ni mzazi au jirani, na dhamira tegemezi inampa yeye jukumu la kuhakikisha. Sentensi ya mwisho ni fupi na ndiyo ngumu kuliko zote kutimizwa, maana inahitaji duka litakaloipokea betri. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inamtwika mzalishaji na mwagizaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kuchakaa. Bila muuzaji kutimiza jukumu hilo, irudishe ni amri isiyo na pa kwenda, na betri itaishia kwa mwenye nyundo na sufuria.